TAHARIRI: SARATANI YA WATOTO NA DENI LA MSIKITI



Ndugu wasomaji, mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendeleza mjadala wetu juu ya mikataba ya kugawana mawe baina ya mwenye duara na wachimbaji wake, na ambayo ndani yake haramu imejificha. Mjadala huo tunauahirisha, na watakaotulaumu watuwie radhi. Limetokea jambo ambalo hatukuona vyema lipite tukiwa tumenyamaza.

Katika safu za msikiti wetu hapa Mwakitolyo yupo baba mmoja, mchimbaji mdogo, ambaye jina lake hatutalitaja. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka sita, alianza kuvimba taya upande wa kulia. Meno yakalegea. Akapelekwa kwa mtu ang'oaye meno, yakang'olewa mawili, na uvimbe ukazidi. Akapelekwa kusomewa ruqya, akasomewa wiki mbili. Akapelekwa zahanati, akapewa vidonge vya kuua vijidudu. Ilipofika siku ambayo jicho la mtoto lilikuwa likisukumwa nje na tumbo limeanza kujaa, ndipo alipopakiwa katika basi kuelekea Mwanza.

Huko waligundua kuwa ni saratani. Akatundikiwa dripu ya dawa, na kabla ya wiki kwisha uvimbe ule uliokuwa mkubwa kama chungwa ukanywea mpaka uso ukarudi kuwa uso. Baba alirudi Mwakitolyo na mtoto baada ya dozi ya pili, na sote tulimwona mtoto akicheza uani mwa msikiti. Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu alimpongeza baba kwa kusema, "Alhamdulillah, amepona." Hakuwa amepona. Zilibaki dozi kadhaa, lakini fedha zilikuwa zimekwisha, na zamu ya baba katika duara ilikuwa inakaribia kupewa mtu mwingine. Baada ya miezi miwili uvimbe ulirudi, na safari hii haukungoja basi.

Tulimsalia mtoto huyo tukiwa wengi, safu zikatoka mpaka nje. Siku baba yake alipohitaji nauli ya kurudi Mwanza kwa dozi ya tatu, hakuna aliyeulizwa na hakuna aliyeuliza.

Hatuandiki haya ili kumlaumu baba. Kadari ya Allah imepita, nasi tumeiridhia. Lakini kuridhia kadari ni jambo moja, na kuifanya kadari kuwa kisingizio cha uzembe wetu ni jambo jingine. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza ndugu zetu ukweli kuhusu maradhi haya, kwa kadiri ya elimu iliyothibiti kwa wataalamu, ili mtoto mwingine asije akarudishwa nyumbani katikati ya tiba.

Neno lenyewe saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mdudu wa baharini mwenye magando. Matabibu wa kale, na miongoni mwao Ibn Sina, waliyafahamu maradhi haya na wakaonya kuwa yafaa kuwahiwa yakiwa bado madogo. Tunalikumbusha hili kwa sababu wapo wasemao kuwa saratani ni ugonjwa mpya ulioletwa na vyakula vya kizungu, na kwamba Waislamu wa zamani hawakuujua. Si kweli.

Tena wapo wadhanio kuwa saratani ni ya watu wazima tu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki 30. Ndugu msomaji, tafakari tofauti hiyo. Si kwamba ugonjwa wa mtoto wa Mwakitolyo ni mkali zaidi ya ule wa mtoto wa Ulaya. Dawa nyingi zinazotumika ni zilezile, na baadhi yake zina umri wa zaidi ya miaka hamsini. Tofauti iko katika kuchelewa kufika, kukosea kutambua, kukosa dawa, na kuacha tiba njiani. Mwaka 2018 shirika hilo lilitangaza mpango wa dunia wenye lengo la kufikisha angalau watoto 60 wanaopona katika kila 100 ifikapo mwaka 2030.

Saratani iliyomchukua mtoto wetu inaitwa limfoma ya Burkitt, na historia yake imo katika ardhi yetu hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alioneshwa mtoto aliyevimba mataya. Haukupita muda akamwona mwingine wa namna hiyo mahali pengine, akatambua kuwa hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri takriban kilomita 16,000, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali zaidi ya 50 na kuuliza swali moja tu: je, watoto wa namna hii mnawaona? Wakabaini kuwa nchi za milimani penye baridi hawaonekani, na nchi za joto na mvua, penye mbu wengi, wanaonekana. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakavigundua ndani ya uvimbe wa watoto hao virusi ambavyo mpaka leo vinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Virusi hivyo karibu kila mtoto wa kwetu huvipata akiwa mdogo, wala havimdhuru aliye wengi. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, mwili wake hudhoofika katika kuvidhibiti, na chembe za kinga zinazochochewa na malaria kila uchao zinaweza kukosea katika kujigawa, ndipo mmoja katika maelfu akapata saratani hii. Ukanda wa Ziwa Victoria, tangu Mara hadi Mwanza, Geita na Shinyanga, umo katika nchi za malaria nyingi. Ndiyo maana ugonjwa ambao daktari wa Ulaya anaweza kumaliza miaka mingi bila kuuona, kwetu ni miongoni mwa saratani za watoto zinazoonekana zaidi.

Ipo habari moja kutoka Mara ambayo yafaa ijulikane. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wadogo wa Mara Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini ili malaria ipungue na watafiti waone kama saratani hii nayo itapungua. Ilipungua. Hata hivyo ilikuwa imekwisha kuanza kupungua kabla ya vidonge kugawiwa, hivyo watafiti wenyewe hawakuthubutu kudai kuwa wamethibitisha. Tunapenda uaminifu wa namna hiyo, na laiti wauza dawa katika magulio yetu wangeuiga. Lililo wazi ni kwamba chandarua kina faida zaidi ya ile tuliyokuwa tukiijua, ilhali wangapi kati yetu wamekigeuza chandarua cha mtoto kuwa uzio wa kuku?

Ama saratani ya damu, ambayo wataalamu huiita lukemia, hiyo huanzia ndani ya uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe nyeupe changa, zisizokomaa, huzaana bila mpaka na kuzisonga nyingine. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto hupauka na kuchoka. Chembe za kugandisha damu zikipungua, hutokwa damu puani na kwenye fizi, na hupata mabaka ya vilio asikokumbuka kuumia. Chembe njema za kinga zikipungua, homa haikatiki. Mifupa humuuma, akawa hataki kutembea. Bandama na tezi huvimba.

Ni nani katika mkoa wetu asomaye dalili hizi asiseme, "Hiyo ni malaria", au "Hiyo ni selimundu"? Na mara nyingi huwa ni hivyo kweli, kwa kuwa yote mawili yamejaa kwetu. Hapo ndipo penye mtego. Mtoto hupewa dawa ya malaria mara tatu, huongezewa damu mara mbili, hupata nafuu siku chache, kisha hurudi palepale. Kanuni tunayoiomba kila mzazi aishike ni hii: homa au upungufu wa damu uliotibiwa sawasawa na ukarudi, usitibiwe tena kwa mazoea. Dai kipimo cha damu kamili, kinachohesabu chembe zote, na kama hakipo hapo ulipo, omba rufaa siku hiyohiyo. Vilevile uvimbe wa taya au tumbo unaokua kwa siku, si kwa miezi, usidhaniwe kuwa ni jino tu. Chembe za limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, nasi tulimweka mtoto wiki mbili kwenye ruqya. Na mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kama jicho la paka gizani, kina mama wasiipuuze. Hiyo huweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa karibu watoto wote hupona, ingawa wengine hulipoteza jicho.

Sasa tuingie kwenye suala ambalo tunaulizwa zaidi hapa machimboni: je, ni zebaki inayowaletea watoto wetu saratani?

Tutasema lililothibiti hata kama halitamfurahisha kila mtu. Saratani nyingi za watoto hazina sababu inayojulikana. Takriban mtoto mmoja katika kumi huwa amezaliwa na kasoro ya urithi iliyomweka karibu na ugonjwa. Mtoto mwenye mtindio wa Down yumo katika hatari kubwa zaidi ya lukemia. Mionzi mikali husababisha lukemia, na hilo lilidhihirika kwa watu wa Hiroshima na Nagasaki baada ya mwaka 1945. Benzini, iliyomo ndani ya petroli, husababisha saratani ya damu kwa watu wazima wanaoivuta muda mrefu. Kwa hiyo kijana anayefyonza petroli kwa mdomo kutoka kwenye dumu la pampu ya duara anacheza na afya yake. Vumbi la karasha huharibu mapafu, hufungua mlango wa kifua kikuu, na kwa miaka huleta saratani ya mapafu. Lakini zebaki, kwa elimu iliyopo leo, haikuthibitishwa kuwa chanzo cha lukemia ya watoto.

Asije mtu akaichukua sentensi hiyo ya mwisho akaenda nayo mwaloni kama fatwa ya kuhalalisha! Zebaki ni sumu. Moshi wake, dhahabu inapochomwa kwenye kikaango jikoni mtoto akiwa mgongoni, huingia katika ubongo na figo za mtoto huyo, na aliye tumboni mwa mama huathirika kabla hajaiona dunia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 kwa sababu hiyo. Mwenye kuchoma dhahabu ndani ya nyumba wanamolala watoto ana swali la kujibu, liwe la saratani au lisiwe.

Tunasisitiza kutosema zaidi ya tunalolijua kwa sababu nyingine nzito. Mkoa wetu unajua kinachotokea watu wanapokosa sababu ya ugonjwa wakaamua kuitunga. Ni katika ardhi hii vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Mara ngapi safari ya panga ilianzia kwa mtoto mgonjwa na mpiga ramli aliyeulizwa, "Ni nani?" Saratani ya mtoto haikutumwa na bibi wa jirani. Haikuletwa na mama aliyekula kitu fulani akiwa mjamzito, na wanaume wanaowatuhumu wake zao kwa hilo wamche Allah. Wala haiambukizi. Watoto wengine waachwe wacheze naye.

Ama kuhusu ruqya, tusieleweke vibaya. Kumsomea mgonjwa na kumwombea dua ni katika Sunna, na hakuna daktari tuliyemsikia akikataza baba kumsomea mwanawe kitandani. Lakini Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha umati wake watafute dawa, na mafundisho hayo yanajulikana na kila aliyehudhuria darsa. Msomaji wa ruqya anayemwambia mzazi aache dripu ili "majini yasichanganyikiwe" amejibebesha nafsi ya mtoto. Tumewasikia wawili wakisema hivyo katika ukanda huu. Tunawausia watubie, na tunawaomba maimamu wasiwape nafasi misikitini.

Kuna pia wanaotunong'oneza kwamba Bugando ni hospitali ya Kanisa. Ndiyo, ni ya Maaskofu Katoliki, ikiendeshwa kwa ushirikiano na Serikali, na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yenye huduma za saratani. Ndani yake wanalazwa Waislamu kila siku. Mtume (S.A.W.) mwenyewe katika Hijra alimtumia kiongozi wa njia asiyekuwa Muislamu kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Ikiwa mtu anaona uchungu kwamba hatuna hospitali yetu ya kiwango hicho, uchungu huo ni wa haki, lakini mtoto asitumike kuulipizia.

Tiba yenyewe ikoje? Lukemia huthibitishwa kwa kuchukua uboho kidogo kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Dawa hutolewa kwa awamu, nyingine kwa dripu, nyingine kwa vidonge, na nyingine huingizwa kwa sindano ya mgongoni ili ziwafikie maadui waliojificha karibu na ubongo. Sindano ya mgongo huwatisha wazazi wengi, nao hukimbia kwa kuhofia mtoto atapooza. Wasikimbie. Bila sindano hiyo ugonjwa hurejea kupitia ubongo. Kwa aina ya lukemia iliyo kawaida kwa watoto, tiba yote huchukua miaka miwili hadi mitatu. Katika nchi zilizoendelea, takriban watoto tisa kati ya kumi wa aina hiyo huishi. Burkitt ni kinyume chake: inakimbia kwa kasi, na tiba yake ni ya miezi tu, si miaka.

Moja ya dawa kuu katika saratani zote hizi mbili ni vinkristini, iliyotolewa katika ua dogo la waridi au jeupe lenye asili ya Madagascar, ua ambalo wengi tumelipanda mbele ya nyumba kwa urembo bila kujua. Tunalitaja kwa wale wasemao kuwa hospitali inadharau mitishamba. Haikudhaurau. Iliuchukua mti, ikaitenga dawa, ikapima ni kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua, kwa kuwa baina ya viwili hivyo pana nafasi nyembamba mno. Asijaribu mtu kuyachemsha majani yake nyumbani.

Na je, Waafrika nao hupona, au hizi ni habari za Ulaya? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Burkitt huko Kampala na mwenzake Peter Clifford huko Nairobi waliona watoto wakipona kwa dozi chache za dawa moja, wakati ambapo wengi duniani hawakuamini kuwa dawa peke yake yaweza kuiponya saratani. Mwaka 1967 ukaanzishwa Kampala mradi uliokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Karibu zaidi na sisi, Dk. Twalib Ngoma, aliyepata kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, pamoja na wenzake wa Kenya na Nigeria, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya wagonjwa 356 wa Burkitt waliotibiwa Dar es Salaam, Nairobi na Nigeria, ambao tiba yao ya kwanza ilikuwa ya dawa tatu za bei nafuu. Baada ya miaka miwili, 62 kati ya kila 100 walikuwa hai. Hao walikuwa wagonjwa wa Kiafrika, waliotibiwa katika wodi za Kiafrika. Mwaka 2011 tiba ya watoto ilihamishwa kutoka Ocean Road kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako kwa msaada wa taasisi ya Tumaini la Maisha watoto hutibiwa saratani bila wazazi kutozwa.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile nafuu ya kwanza. Katika lukemia, baada ya mwezi mmoja hivi wa dawa, watoto walio wengi hawaonekani tena na ugonjwa hata kwa darubini. Katika Burkitt uvimbe huyeyuka mbele ya macho ya mzazi. Baba huona miujiza, akafunga mizigo. Kumbe ni moto wa pumba. Juu ni majivu, ndani unakula. Wachimbaji wanalielewa jambo hili wakikumbushwa kifua kikuu: ni wangapi walioacha vidonge mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekatika, kisha kikawarudia kikiwa sugu? Chembe chache zilizobaki zikirudi huwa zimekwisha kuizoea dawa, na nafasi ya pili ni finyu.

Kwa hiyo mzazi anayerudi likizo na mtoto, asiulizwe, "Amepona?" Aulizwe, "Dozi inayofuata ni tarehe ngapi?" Na akiwa nyumbani, mtoto wa namna hii akipata homa, hata iwe usiku wa manane, asipewe panadoli akangoja asubuhi. Dawa zimeipunguza kinga yake, na maambukizi yanaweza kumuua kwa saa chache. Atafutiwe bodaboda, atafutiwe gari. Kukatika kwa nywele na kutapika ni mambo yanayopita, na nywele huota tena.

Sasa deni la msikiti. Safari ya Mwakitolyo hadi Mwanza, kupitia Shinyanga, si safari ya mtu maskini kuifanya kila baada ya wiki mbili. Dawa ikitolewa bure, nauli si bure. Chakula cha mama anayelala chini ya kitanda cha mtoto si bure, wala watoto wanne waliobaki nyumbani hawali upepo. Na baba akiacha duara mwezi mzima, akirudi anakuta nafasi yake ina mtu. Tunaamini watoto wengi wanaokatishwa tiba hukatishwa na mambo haya madogo, si kwa ukaidi wa wazazi.

Zaka ina mafungu yanayojulikana, na fakiri na maskini ndio wa mwanzo kutajwa. Mzazi asiye na nauli ya kumpeleka mwanawe kwenye dozi haingii katika mafungu hayo? Tumewauliza masheikh wawili tunaowaamini, na wote wamejibu kuwa anaingia bila shaka. Hapa Mwakitolyo kuna watu wanaopata dhahabu, tena wapo ambao Allah amewafungulia kwa wiki moja kiasi ambacho mkulima wa mpunga hakioni kwa miaka mitano. Zaka yao huishia wapi? Tunawauliza kwa heshima, na watujibu wao wenyewe nafsini mwao. Aidha wenye maduara wanaweza kutoa sadaka isiyowagharimu hata gramu moja: kumhifadhia nafasi yake mchimbaji aliyekwenda kumuuguza mtoto.

Na lipo ambalo hata asiye na shilingi analiweza. Mtoto wa lukemia huhitaji kuongezewa damu mara nyingi, tena chembe za kugandisha damu huhifadhiwa siku chache tu kisha huharibika, hivyo haifai kuchangia mara moja kwa mwaka kwa ajili ya kupigwa picha. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda mjini Mwanza, na hospitali zetu za mkoa na wilaya hupokea wachangiaji. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Vijana wetu wanaobeba mifuko ya mawe tangu alfajiri hawawezi kutuambia kuwa wanaiogopa sindano.

Kamati ya msikiti ilikutana baada ya sala ya Ishaa, Jumatano iliyopita, na iliyoamuliwa tunayatangaza hapa. Sanduku la nauli za wagonjwa litawekwa mlangoni upande wa wanaume na jingine upande wa kina mama. Funguo zitashikwa na watu watatu, mmoja wao mwanamke, na litafunguliwa kila Ijumaa ya mwisho ya mwezi mbele ya jamaa, hesabu isomwe kwa sauti. Daftari la tarehe za dozi litakuwa kwa katibu, na mzazi yeyote mwenye mtoto anayetibiwa, awe Muislamu au asiwe, aje aandikishe. Siku tatu kabla ya tarehe, mtu wa kamati atakwenda nyumbani kwake kuuliza kama nauli ipo. Mpaka tunapokwenda mitamboni, daftari hilo lina majina mawili: msichana wa miaka minne aliyemaliza awamu ya kwanza ya lukemia, na mvulana wa jirani zetu Wasukuma wa upande wa mialoni, ambaye dozi yake ya nne ni Jumatatu ijayo. Nauli ya msichana imepatikana. Ya mvulana imepungua kidogo, na katibu yupo msikitini kila siku baada ya Alasiri.